Matanga Yangu Nimeyasikia Yafa

Yafa, Israeli
14 Mei 2023

Mpendwa mdogo wangu Melkizedeki,

Leo ni miaka hamsini na miwili na mwezi mmoja tangu niondoke Ihanja kuja kusomea kilimo cha umwagiliaji. Hujambo? Shemeji Agnes anaendeleaje na miguu? Mimi ni mzima. Neno hilo naliandika kwa makusudi.

Katika barua iliyopita nilikwambia nitarudi Desemba nijenge kwenye shamba langu, nizeekee huko. Hukujibu. Sasa najua kwa nini.

Jumanne nilikuta mahujaji wa Singida, watu kumi na wanane, wakitembezwa kwa miguu katika mji huu wa kale. Kwenye mnara wa saa nilisikia Kinyaturu, nikawafuata. Mtembezaji alinihesabu kama mmoja wao. Tulipanda ngazi za mawe, tukapita vichochoro, tukasimama juu ya bandari. Hapo mchungaji wao akasoma habari za Dorkasi, aliyefufuliwa na Petro mjini humu.

Mama mmoja, Scholastika, akanipa shikamoo, akauliza kwetu ni wapi. Nikamjibu Ihanja, kwa mzee Ntandu.

"Kwa kina Melkizedeki? Mjukuu wake namfundisha shule ya Jumapili. Manase, mtundu huyo!"

Nikamwambia Manase ni mimi.

"Baba, usinitanie! Manase mkubwa tulimlia matanga 2016. Ugali nilisonga mwenyewe."

Kisha akaacha kucheka. Mwenzake akadakia, "Haya, Yafa imefufua tena!" Wakapiga picha nami.

Melkizedeki, katika ukoo wetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza zaidi, lakini niliuliza. Matanga yalitangulia upimaji wa mashamba, ule wa kutolea hati, kwa mwezi mmoja. Lile la kando ya barabara, ambalo baba aliniachia ukisikia, sasa ni alizeti yako. Barua yangu ya Pasaka mwaka ule uliijibu. Jibu lako ninalo hapa mezani, kwa mwandiko wako. Uliniombea maisha marefu.

Nikija, wewe utaitwa mbele ya wazee, na mtoto atavuliwa jina. Wewe ungestahili. Yeye ana miaka sita na hana kosa. Msimbadilishie.

Msalimie yeye kwanza, kisha Agnes, na dada yetu Felista huko Sepuka. Mungu awape mvua ya kutosha.

Mimi sirudi.

Kaka yako,
Manase Ntandu