Injini ya Mkwe

Shela, Malindi
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mwanangu Muzammil,

Asalaam aleikum. Kwa taarifa hii jamaa, majirani na wote wanaohusika wanajulishwa kwamba jana Ijumaa, baada ya kutafakari kwa kina na kula kiporo cha wali, Bi Shekha binti Faki amelichagulia jitu lake injini. Uamuzi ni wa mwisho. Rufaa hazipokelewi.

Sasa salamu. Hujambo? Joto la Doha limepungua? Na hicho kifua? Ijumaa ulikuwa wakohoa sikioni mwangu vita vizima, nikadhani ni mzinga wa adui. Mimi mzima, ila goti lina maoni yake.

Nataka iandikwe mahali jinsi tulivyofika hapa, hata kama barua naituma kwa simu. Ulipokwenda zako kazini ughaibuni uliniachia televisheni, mashine ya gemu na rimoti zake, ukasema, "Mama, usiguse." Mwezi haujaisha ukapiga simu: "Mama, hebu gusa, nahitaji mtu wa pili." Tangu hapo kila Ijumaa alasiri, siku yako ya mapumziko, wewe huko na mimi huku tunaendesha majitu ya chuma marefu kama minara na kuwavunja watoto wa watu. Lako wewe unaliita Radi. Langu naliita Mkwe, kwa sababu ni kubwa, halicheki, na likiingia mahali kila mtu hujirekebisha.

Injini ni za namna mbili. Nene ni nzito kama jiwe la kusagia, lakini yote hukaa kifuani. Hata bega likivunjwa, jitu laendelea na safari. Nyembamba ni nusu ya uzito, ukapata nafasi ya mizinga na mbio, ila imejitandaza hadi mabegani. Bega moja likienda, jitu zima lafa. Wewe wapenda nyembamba. Mimi nimefunga nene. Nimetazama watu wakigombana mjini hapa tangu nina akili zangu, na sijaona aliyeanza kumpiga mwenzake kifuani. Watu huanza kwa kusukumana mabega.

Kombe la Pwani linakuja na nataka tulichukue. Lakini zaidi ya kombe nakitaka kiti changu cha pili. Kwenye simu za kawaida waniambia "niko sawa, Mama," kisha wakata. Kwenye gemu nakusikia ukicheka.

Mamako,
Shekha

*

Doha
9 Septemba 2025

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa, joto halijapoa. Hilo goti lisugue mafuta ya karafuu na uache kulikalia wakati wa kucheza.

Kuhusu tangazo lako: injini nene ni ya watu waoga, Mama. Mkwe anageuka kama lori la mchanga. Siku ile mnarani nilikusubiri ugeuke hadi chai yangu ikapoa. Lakini hiyo uliyofunga ni ya daraja la kwanza, tumeipigania tangu Mfungo Mosi, siku za Idi, na Pwani nzima sijaona mwenye nyingine. Basi, sikatai. Bwana ni wewe.

Nakuomba jambo moja tu. Usiitoe, usiibadilishe, usiiguse. Fainali ni mwezi wa kumi na moja, na wa kuogopwa ni jirani yetu Krupali na yule karani wa duka lao, Ngowa. Krupali yuko nyuma ya ukuta wako wa sebuleni. Mbele yake usizungumze mambo ya injini.

Mwanao,
Muzammil

*

Shela, Malindi
20 Septemba 2025

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Wajionaje? Goti limekubali mafuta, limepunguza ubishi.

Juzi nilicheza ya kirafiki na Krupali, wawili tu. Nilimvunja miguu yote. Nikamsikia ukutani: "Bi Shekha, huna huruma wewe!" Nikamjibu kwa ukuta huo huo: "Huruma iko jikoni, mwanangu! Huku ni vitani!" Tukacheka kila mtu upande wake.

Baadaye kidogo nikaona sanduku kwenye televisheni. Zawadi kutoka kwa Krupali: injini nyembamba, mpya, hata vumbi haina. Ameandika, "Ahsante kwa mchezo."

Sasa nyumba hizi mbili wazijua. Ile sahani ya bati yenye ukingo wa buluu ilianza kuvuka baina yetu kabla hujazaliwa. Kokila, mamake Krupali, huileta na dhokla, zile keki zao za dengu, mimi huirudisha na mkate wa sinia, na leo hakuna anayekumbuka ni ya nani. Haijarudi tupu hata siku moja, hata mwaka ule tuliogombania maji ya paa.

Nikaingia ghalani mwetu mwa gemu kutazama cha kurudisha. Palikuwa na taa za mgongoni na rangi ya zambarau. Mtu amekuletea injini, wewe umpelekee rangi? Atasema nini Kokila?

Nikampelekea ile nene.

Usipige kelele, nakusikia kutoka hapa. Nimefunga nyembamba aliyoniletea na Mkwe amekuwa mwepesi, anageuka kama mwari anayejua anatazamwa. Si ndivyo ulivyotaka?

Mamako,
Shekha

*

Doha
21 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo.

Umempa adui injini yetu. Adui, Mama. Injini ya daraja la kwanza, tena bila kuombwa.

Kuanzia Ijumaa hii kiti cha pili atakikalia Kaingu. Ni mtu wa Ganze, twalala chumba kimoja, anacheza vizuri na hana majirani. Usikasirike. Ni kwa ajili ya kombe.

Mwanao,
Muzammil

*

Shela, Malindi
22 Oktoba 2025

Mwanangu Muzammil,

Asalaam aleikum. Mwezi mzima umepita. Mimi sikuandika kwa sababu nilikuwa na shughuli. Wewe hukuandika kwa sababu nawe una damu ya babu yako Faki, ambaye alimnunia daktari hadi daktari akahamishwa. Hujambo lakini? Wala vizuri? Walala?

Siji kuomba kiti. Nakupa habari za mtaa tu.

Siku nilipopeleka ile injini nilimsikia Kokila ukutani: "Bi Shekha amekuletea injini, wewe umemrudishia nini?" Krupali akasema, "Mummy, mimi ndiye niliyeanza!" Kokila akamwambia, "Hata kama. Yake ni kubwa zaidi." Haikufika magharibi, ukaja mzinga. Mzinga mzuri, Muzammil. Ningeuacha hivi hivi? Nikapeleka miguu ya Mkwe. Ikaja miguu yake. Nikapeleka mkono. Ukaja mkono na ngao. Ngowa alikuja mlangoni akanishika miguu: "Bi Shekha, nakusihi, acha wewe, maana huyu hawezi kuacha, mamake amesimama nyuma yake." Nikamwambia siwezi kuacha na zamu ni yangu.

Juzi Diwali, Kokila amepanga taa hadi kizingitini kwangu, ndipo tukamaliza. Tulimaliza kwa sababu vitu vilikwisha. Mkwe sasa amevaa jitu zima la Krupali, kuanzia kisogo hadi kisigino. La Krupali limevaa langu. Kilichobaki changu ni jina.

Nasikia wewe na Kaingu mmefika fainali, na Krupali na Ngowa nao wamefika. Hongera. Kaingu atapigana na jitu nililoliendesha mimi tangu Mfungo Mosi. Lina kasoro moja kubwa, naijua kama nijuavyo mlango wangu unavyokwama. Ningekutajia, lakini mimi si mtu wa timu, na siri za vita hazipewi raia.

Mamako, raia,
Shekha

*

Doha
25 Oktoba 2025

Mamangu,

Shikamoo. Goti halijambo? Nimeagiza mtu akuletee dawa ya kupaka, anatua Mombasa wiki ijayo.

Zamu ya Kaingu imebadilishwa. Ijumaa hatakuwa na nafasi. Kwa hivyo, kama na wewe huna shughuli, kiti kiko wazi.

Kaingu anacheza vizuri, sisemi. Hakosei. Ila hazungumzi. Nikimwuliza "uko wapi?" hunijibu "kaskazini." Basi. Wewe nikikuuliza uko wapi waniambia uko nyuma ya jengo jeupe, na binti wa Ummi amechumbiwa, na mchumba ana gari lakini hana shingo. Mechi zote hizi nimeshinda, Mama, na sikumbuki hata moja.

Mwanao,
Muzammil

*

Shela, Malindi
26 Oktoba 2025

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Dawa nitaipokea, kiti nimekipokea. Msalimie Kaingu, ambaye kabla ya barua yako alikuwa amekwisha kuniandikia kwamba zamu yake ni ile ile, kwamba wewe umekuwa mtu wa kunung'unika, na kwamba anipisha kwa moyo mweupe. Kijana ana adabu. Mtafute mamake umwambie.

Sasa sikiliza. Ile injini nene ikikimbia na kufyatua pamoja, hupata moto. Mizinga mitatu mfululizo, kisha jitu husimama pale lilipo kupumua, kama mimi nikipanda ngazi za Kokila. Mimi nilikuwa nikilificha nyuma ya majengo lipumzike. Wewe ukadhani nasali. Krupali amezoea nyembamba, kasoro hii haijui.

Lakini naye yangu anaijua, maana ni yake. Bega moja tu, Mkwe kwisha.

Wala usinambie nibadilishe injini. Kutoa alichonipa mtu, tena nikipambana naye macho kwa macho, ni kumtupia sahani yake barabarani. Tutaingia nayo hivi hivi.

Mamako,
Shekha

*

Doha
8 Novemba 2025

Mama! Shikamoo mara kumi!

Sijalala vizuri na sijali. Naandika yote ili nayo yawe mahali, kama ulivyosema.

Jana kwenye fainali watu walikuwa wamejaa kitandani kwangu na kwa Kaingu, wengine wamesimama mlangoni na sahani zao mkononi. Tulipomwangusha Ngowa mapema walishangilia hadi mtu wa chumba cha juu akapiga sakafu. Kisha Krupali akatoka nyuma ya lile ghala na Mkwe wako wa zamani, na mizinga yote imeelekea bega lako la kushoto. Nilikuwa nimemlenga, Mama. Ningeweza kumpiga. Lakini ulisema, taratibu kabisa, kama unayeniomba nikupishie chumvi: "Muzammil, begani."

Nikamkimbiza Radi nikasimama mbele yako. Mzinga wa kwanza mimi. Wa pili mimi. Wa tatu Radi alikwenda, akaanguka na bega lake mwenyewe, na televisheni yangu ikawa nyeusi nusu. Na jitu la Krupali likasimama pale pale, limepata moto. Kaingu, yule asiyezungumza, akasema, "Mama Muzammil, sasa!" Nawe ukasema, "Ngoja mwanangu, mwache apumue kidogo." Halafu ukafyatua.

Krupali nilimsikia akilia mara mbili, mara moja mtandaoni na mara moja ukutani kwako.

Mabingwa wa Pwani nzima! Kaingu alinibeba hadi kwenye bomba la maji. Msimamizi wetu alikuja kuuliza kuna nini, nikamwonyesha picha yako. Akauliza umri wako, nikamwambia. Akauliza tena. Kila anayepita namwambia, huyo ni mamangu, kutoka Malindi, na anaposhinda anazungumzia harusi.

Kuanzia leo wewe ndiye nahodha. Injini zote chagua wewe, mimi nitafunga.

Mwanao,
Muzammil

*

Shela, Malindi
9 Novemba 2025

Mwanangu Muzammil,

Asalaam aleikum. Unahodha nimeukubali. Sikujifanya kukataa kwanza, kwa sababu ungeweza kuniamini.

Mtaa umejua. Vijana wanaokaa pale kwenye duka la simu, ambao jana walikuwa wakiniambia "pita, mama," leo wamesimama wote. Mmoja akaniuliza, "Bi Shekha, nifunge nene ama nyembamba?" Nikamwuliza, "Una nani wa kukusimamia begani?" Akajitazama mabega yote mawili. Nikamwambia afunge nene. Krupali alipita asubuhi akanikumbatia, akanambia hajapata kupigwa na miguu yake mwenyewe.

Wewe ulisimama mbele yangu ukijua utakufa, na adui ulikuwa umemlenga. Nimeliona hilo. Sitaliandika zaidi, maana nina miwani na ikilowa sioni. Ila amri yangu ya kwanza ya unahodha ni hii: Radi atafungwa injini nene. Mtu mwenye tabia ya kusimama mbele ya mamake haachiwi injini ya mabegani. Nyembamba nitabaki nayo mimi.

Ijumaa alasiri, usichelewe. Nina habari za mchumba yule asiye na shingo.

Nahodha, na mamako,
Shekha

Nilikwisha kutia sahihi, Kokila akabisha hodi. Kaleta ile sahani ya bati, dhokla imejaa hadi kwenye buluu, na amesema kwa sauti ili wapita njia wasikie, "Kwa bingwa wa Pwani!" Nimeipokea kwa mikono miwili. Nimeingia jikoni nimpikie mkate wa sinia. Tangu Jumatatu nilikuwa kwenye mazoezi, dukani sikwenda, na sahani hii haijapata kurudi tupu. Unga umekwisha.