Mashine Yao Haina Masikio

Mume wangu, Baba Eliza,

Kamwene, nakusalimu huko uliko. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ila mimi nina hasira, na nimeipigia magoti hasira hii hata magoti yamechoka, haiondoki. Kwa hiyo naileta kwako, maana wewe ndiye uliyejua kunituliza. Wala sikuandikii kwa siri. Ulitukanwa hadharani, mbele ya shuka jeupe la sinema, watu wakishika mbavu. Basi nami nakuandikia hadharani. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe.

Gari la sinema limekuja tena Nyololo.

Unakumbuka tulivyolipenda? Lilikuja kutoka Mbeya baada ya mavuno, limejaa vumbi, na yule msemaji wa kipaza sauti akiita watu tangu njiani. Wewe ulimbeba Eliza begani, mimi nikabeba blanketi, maana baridi ya kwetu haina heshima. Tulikaa mbele, tukaanza kuzihukumu sinema zao kama wazee wa baraza.

Ile ya wapanda farasi hukuipenda hata kidogo. Ulininong'oneza, "Mama Eliza, huyu bwana halimi, hachungi, hafundishi. Anakula nini?" Nikakujibu, "Anakula risasi." Ulicheka mpaka tukanyamazishwa. Ile ya gwaride la Ulaya ulilala usingizi, na sikukulaumu. Watu wanatembea tu, hawafiki. Ile ya nzi na choo nitaisema ukweli wake: ilikuwa nzuri, na choo tulichimba. Ile ya Kihindi tuliiona Mbeya, tulipopeleka pareto. Binti amefiwa na mchumba, naye anaimba kwa sauti tamu, nywele zimechanwa. Wewe ulisikitika. Mimi nilisema huyu hajafiwa. Sasa nimefiwa mimi, Baba Eliza, na neno langu nalishikilia: sauti haitoki, na kitana hukioni.

Halafu ile ya Bwana Yesu, waliyoileta misheni. Mzungu mwenye nywele kama ndevu za mahindi. Mimi nilikasirika, nikasema si haki mtu kuvaa sura ya Bwana. Wewe ukaniambia polepole, "Usikasirike. Yule jioni alivua kanzu, akaenda kula ugali wake kwa mkewe. Watu wanajua."

Watu wanajua! Ndicho kinachonichoma. Hakuna hata mmoja aliyemfuata yule Mzungu akaomba aponywe upele. Yule mpanda farasi aliyeuawa mwaka mmoja, mwaka uliofuata walimwona anaoa, na hakuna aliyekimbia akisema mzimu. Kwa watu wa mbali wanajua kuwa ni mchezo. Ila jirani yao, waliyelima naye, waliyekula naye pasaka, walipomwona kwenye shuka ameshika kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, wakasema: kumbe ndivyo alivyo.

Wewe, ambaye ulanzi uliuacha siku ulipobatizwa. Uliyekunywa togwa hata harusini, mashemeji wakakudhihaki, "Shemeji, hiyo ni ya watoto."

Nasimulia upya, kwa ajili ya wasomaji wasiokuwapo. Bwana Picha, yule mpiga sinema wa serikali, alikuja na mashine yake akitaka wakulima wawili: mmoja mwenye akili, anayelima kwa matuta, na mmoja mlevi, mvua inambebea udongo. Ulikuwa unatoka shambani, matope mpaka magotini, suruali imechanika. Simoni jirani yetu alikuwa barazani kwake na shati jeupe, maana siku hiyo, kama siku nyingine, alikuwa hajafanya kitu. Bwana Picha akawatazama mara moja tu, akasema huyu safi ndiye mwenye akili, huyu mchafu ndiye mlevi. Ulikuwa mchafu kwa kuwa ulikuwa unalima!

Na haikutosha. Shamba zuri walilolitaka lilikuwa letu. Simoni wakamsimamisha kwenye matuta yako, karibu na lile jiwe kubwa lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala. Wewe wakakupeleka kukaa kwenye magugu ya Simoni. Nilikuambia kataa. Ukasema, "Kama watu watajifunza matuta, mimi kuchekwa ni kitu gani?"

Jioni ile ulirudi unacheka peke yako. "Mama Eliza, wananiambia nichezeshe midomo tu, maneno atayasema msemaji. Mashine yao ina macho, haina masikio. Sasa niseme nini? Nimeona nisipoteze pumzi bure. Nimesali Sala ya Bwana."

Nami nikacheka. Mungu atusamehe, tulicheka wote wawili.

Sinema ilipokuja, ukafunua midomo pale kwenye shuka, nami nikakufuata neno kwa neno. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya msemaji, ameilegeza kilevi: "Aaa, shamba litajilima lenyewe! Mke wangu, ongeza ulanzi!" Watu walianguka chini. Wewe pia ulicheka, kwa adabu. Mwaka uliofuata hukucheka. Watoto wakakuita Bwana Kibuyu, halafu na watu wazima. Simoni, aliyewahi kuuza jembe lake kwa ulanzi, akawa anaulizwa habari za mbolea. Na siku tunakuzika, nilimsikia mmoja wa wachimba kaburi akisema, "Kibuyu kimekauka." Niliomba nguvu ya kusamehe. Nilipewa kidogo, imekwisha.

Imekwisha kwa sababu ya Eliza. Sasa ni binti mzima, na kijana mmoja wa Igawa alimposa. Kijana wa kanisa, fundi wa cherehani, na nyumbani mwetu jina lake lilikuwa likitajwa kwa tabasamu. Mshenga alikuwa baba yake mdogo. Kwao walikuwa wamekwisha kubali. Ndipo gari likapita Igawa, na yule msemaji, kwa kutaka kuchekesha, akatangaza: "Huyu si mchezo jamani, huyu ni Yeremia wa Nyololo kabisa!" Mshenga akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda chako, akaniambia, "Mama, na binti hatuna neno. Ila ulevi huenda na damu."

"Damu ya nani?" nikamwuliza.

"Tumeona kwa macho yetu, mama."

Nilimpa maziwa akanywa. Ndivyo ulivyonifundisha.

Siku ileile gari likafika kwetu, na mshenga akakosa basi, akabaki kutazama. Nilikwenda na Eliza. Tulikaa mbele, mahali petu. Wakaonyesha mambo yao, halafu ukaja wewe. Baba Eliza, ulikuwa kijana! Ile kofia yako! Nilisahau hasira, nikakutazama. Kisha ukafunua midomo, na yule bwana akaanza, "Aaa, shamba—"

Nikasimama. Kivuli changu kikaingia kwenye shuka, karibu na goti lako. Nikaanza Sala ya Bwana kwa sauti yote niliyo nayo, nikienda na midomo yako.

"Mama, kaa chini, unaziba picha!"

"Siizibi," nikamwambia. "Umeiziba wewe, miaka yote hii. Mtazameni midomo!" Nikakuwahi tena ulipofika kwenye mkate.

Eliza akasimama akaingia nami. Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Jamani, kweli. Anasali." Wakaanza mmoja mmoja, wanawake kwanza, maana Sala hiyo kila mtu anajua midomo inavyokwenda. Msemaji akakishusha kipaza sauti chake. Tulikwenda nawe mpaka karibu na mwisho, na pale pale, kabla hujamaliza, mashine ikakukata ikamleta Simoni na shati lake. Nilikuwa sijaliona hilo zamani. Hawakukuacha hata useme Amina.

Hapo Eliza akanyoosha kidole kwenye shuka. "Na jiwe hilo nyuma yake ni la kwetu. Anayebisha asubiri kuche."

Hakuna aliyecheka. Simoni aliondoka mapema.

Asubuhi mshenga akapiga hodi, kofia mkononi. Akasema mambo yamewekwa sawa, posa iendelee, yasahauliwe. Mimi, nakiri, moyo ulitaka kusema ndiyo upesi, kabla hajabadilika. Lakini Eliza ndiye aliyemjibu, kwa heshima yote, amepiga goti: "Baba, mliniacha kwa sababu ya picha. Msinirudie kwa sababu ya picha. Mwambieni aje mwenyewe, mchana, atembee matuta ya baba yangu kwa miguu yake. Akifika kwenye jiwe, tutazungumza."

Mshenga akanitazama mimi. Nikamwambia, "Umemsikia mwenye nyumba."

Sijui kama atakuja. Eliza anapalilia upande wa barabarani tangu juzi, nami simwulizi kwa nini. Akija, nitampa togwa. Asipokuja, tuna shamba.

Gari nalo watalirudisha mwakani na sinema ile ile, maana ni ya serikali, haichoki. Lirudi tu. Nitakaa mahali petu, mbele, na wote waliokuwapo wanajua sasa maneno ni yapi. Lala kwa amani, mume wangu. Pale walipokukata, tulimalizia sisi.

Amina yako ninayo mimi,
Mama Eliza