Mtihani wa Kichwa

Bweni la Kaskazini,
Chuo cha Tolliver, Nebraska.
Jumatano, 19 Novemba

Kwako kaka Leland,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na shemeji Renae na wale mabinti wawili wasiotulia. Mimi huku nakula, nalala, na darasani bado hawajanifukuza. Mama amenieleza kwamba mahindi yote yameshaingia ghalani na goti lako limeacha kukusumbua. Nimefurahi sana. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe kesho, maana alibaki huku kwa shangazi tangu mechi ya Jumamosi. Nimeifunga vizuri, na namwamini hataifungua.

Najua unachotaka kusikia, basi nianze nacho. Lile kopo la maziwa tunaloshindania na Marbury kila mwaka limerudi nyumbani! Miaka tisa, tangu mwaka wenu, lilikuwa kwa majirani zetu wa Marbury, na kila Novemba walikuwa wakiligonga kwa vijiko masikioni mwetu. Sasa limo katika chumba chetu cha kubadilishia nguo, limesuguliwa likang'aa, na Hutchens, lile pandikizi la mtu linalonifungulia njia upande wa kushoto, hunywea maziwa humo kila asubuhi. Kocha Brandvold amemkataza mara mbili. Hutchens anadai alikatazwa bia, habari za maziwa hakuambiwa.

Usidhani msimu ulianza hivyo. Mechi mbili za kwanza tulipigwa, ya pili kwa aibu, mpaka gazeti la mji likaandika kwamba afadhali Tolliver tuuze helmeti tununue majembe. Kocha akalibandika mlangoni, kila anayetoka alisome. Tukashinda mechi nane mfululizo. Mimi peke yangu nimekimbia na mpira yadi elfu moja na mia mbili na kitu, na zako najua zilikuwa elfu moja na themanini. Nimekupita, kaka. Zoea tu.

Mechi ya Marbury uliikosa kwa ajili ya mavuno, basi nikuhadithie. Robo ya nne, tuko nyuma kwa pointi nne, imebaki dakika moja na nusu. Mrushaji wetu akanikabidhi mpira. Wote walitazamia niende kulia. Nikageukia kushoto, mgongoni mwa Hutchens. Mlinzi wa kwanza nikamkwepa, wa pili akanidaka jezi nikaenda naye yadi sita kama mzigo wa kuni, wa tatu akaniparamia, tukaanguka wote ng'ambo ya mstari wa bao. Mashabiki wao walikuwa wamenipigia kelele tangu mwanzo, ati Dostal rudi kwa mama ukakamue ng'ombe. Hutchens akawajibu kwamba ndiyo, na kopo la kukamulia ndilo tulilolifuata.

Sasa Jumamosi hii tunaingia mechi za mtoano, mara ya kwanza tangu enzi zenu. Anayeshindwa anarudi nyumbani, na mimi wa mwaka wa nne tukishindwa ndio basi, sivai tena jezi hii. Mama anasema umeshawatangazia watu wote pale kwenye ghala la nafaka kwamba unakuja kumtazama mdogo wako, na umenunua koti jipya la rangi zetu. Ndiyo maana mkono unakuwa mzito hapa.

Sitacheza, kaka.

Hilo bao nililokuhadithia silikumbuki. Nimeliona kwenye video tu. Nakumbuka robo ya tatu nikinywa maji. Baada ya hapo nakumbuka kituo cha mafuta, basi letu limesimama, nina sandwichi mkononi na wenzangu wananiimbia jina. Katikati hamna kitu.

Jumapili Bi. Okerlund, mtabibu wa timu, akanipa ule mtihani wa kichwa, wa kukumbuka maneno na maumbo, apate kuulinganisha na ule tunaofanya kila Agosti kabla ya msimu. Nikafaulu kuliko Agosti. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema ana miaka ishirini katika kazi hii na hajawahi kuona mtu akiongezewa akili kwa kugongwa. Nilicheka. Yeye hakucheka. Wewe unajua kwa nini nilifaulu, maana wewe ndiye uliyenifundisha, mwaka wangu wa kwanza, jikoni kwako: Agosti jifanye mjinga, mdogo wangu, ili siku ukigongwa wasije wakakuweka benchi. Nimejifanya mjinga Agosti nne.

Jumatatu tukatazama video. Kocha akaisimamisha pale nilipogeuka, akanitaka nisimame niwaeleze wenzangu niliona nini. Nikasema niliona mwanya. Wakanipigia makofi. Niliogopa, kaka, kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote uwanjani. Jumanne asubuhi nikaenda kwa Bi. Okerlund nikamweleza yote, hata ya Agosti. Kocha alipoambiwa akanishika bega akasema Mims ataanza badala yangu. Mims ana mbio kunizidi, ila usimwambie. Daktari wa kichwa niliyepelekwa amenikataza simu na kompyuta, ndiyo maana unahangaika na mwandiko wangu. Jumamosi nitakuwa kando ya uwanja, na tutashinda. Hilo halinipi wasiwasi.

Kichwa changu pia hakinipi wasiwasi, daktari anasema kimewahiwa. Chako ndicho kinachoninyima raha. Siku ile tulipokwenda kununua tairi uliniuliza mara tatu njiani kama nimefunga geti, na tukacheka. Shemeji aliniambia kwamba Julai uliwasahau watoto bwawani saa nzima, akanisihi nisikwambie. Nimekwambia. Wewe nawe ulikuwa na Agosti zako nne, na hakuna anayejua uligongwa mara ngapi, hata wewe mwenyewe.

Koti lako livae uje, lakini njoo Ijumaa. Nimekuandikisha kwa daktari huyo huyo, saa nane mchana, na nitakaa nawe mle chumbani mpaka mwisho. Mama anajua yangu yote. Yako bado. Usipotokea, nitamweleza mimi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mabinti uwabusu kwa niaba yangu. Nakupenda, kaka. Na ukipewa ule mtihani, safari hii ufanye kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Clay Dostal