Kinyozi, Mteja Mwenye Upara na Bahasha ya Nywele

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamkata mtu sikio, maana mimi ni kinyozi na siku hizi mawazo yako mbali. Nililelewa na mama aliyenichukua kituo cha watoto nikiwa mchanga, alinipenda mpaka basi, sina kinyongo, ila mwaka huu kaanza kuja mzee mmoja mchangamfu, ana upara na mvi kidogo pembeni, anakuja kila Ijumaa, na ana kitundu mbele ya sikio la kushoto kama changu kabisa, akicheka nasikia kicheko changu, basi nikashindwa kuvumilia, nikafagia nywele zake nikazitia kwenye bahasha, nikazipeleka maabara pamoja na zangu, wakazirudisha wakisema zilizokatwa hazina mizizi, halafu humo mna nyeupe, nyeusi na zilizotiwa rangi! Nimechanganyikiwa hadi kikombe changu cha chai kilipotea Ijumaa iliyopita, sijui nilikiweka wapi. Sasa nataka nimng'oe nywele tatu nisingizie mashine. Nikimuuliza kama ni baba yangu, akawa siye, nitampoteza kabisa, na nimeshampenda.

Kinyozi wa Kona

Kinyozi, nimecheka, kisha nikakasirika. Weka chini hiyo mashine! Kumpima mzee wa watu kwa siri ni kumwibia.

Tena hukuuliza hata kipimo kinavyofanya kazi. Katika vinasaba kuna sehemu ambapo kipande kifupi hujirudia, kwako labda mara saba, kwangu kumi na moja. Kila sehemu una hesabu mbili, moja ya mama, moja ya baba. Wataalamu hulinganisha sehemu nyingi, na kama ni baba yako, karibu kila mahali hesabu yako moja itakuwa yake. Hivyo hivyo polisi humjua mwizi kwa tone la damu, au kwa mate aliyoacha kwenye glasi. Kwenu inatosha pamba ya kusugua ndani ya shavu, kwa ridhaa yake.

Kwanza mwambie mama yako, asisikie mtaani. Kisha Ijumaa mkalishe mzee, umweleze yote, na umwombe radhi kwa ile bahasha.

Eti utampoteza! Mtu mwenye upara anafuata nini kwa kinyozi kila wiki? Muulize bila woga, mwanangu. Na akimaliza kukulilia begani, muulize pia kikombe chako alikipeleka maabara gani.