Nilichomfundisha Neema

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini mkono umezoea kuanza hivyo.

Tangu tukuzike, nafasi yako ya kufundisha katekisimu wamenipa mimi. Sikuulizwa. Padri alitangaza mwisho wa Misa, watu wakapiga makofi, Mama akalia kwa furaha. Nikatabasamu. Wangejuaje kwamba binti yako huenda kanisani kama mtu aendaye kibaruani?

Sikuacha kuamini siku uliyokufa. Imani ilinitoka kidogo kidogo, ulipopooza upande mmoja na wale wa kikundi cha maombi wakaja kukuwekea mikono. Walisema utainuka. Hukuinuka. Mmoja wao akaninong'oneza jikoni: "Humu ndani kuna mtu hana imani." Miezi ile yote nilidhani mimi ndiye ninayekuua, Baba. Halafu siku moja nikachoka kuamini hilo, na mengine yote yakafuata.

Aliyekuwa akikugeuza kitandani ni jirani yetu, Bi Zuwena. Kila asubuhi, akishasali, alivuka uchochoro na bakuli la uji, akakulisha, akakufuta mdomo kwa kanga yake. Nilipokuwa mdogo niliwahi kukuuliza kama naye atakwenda motoni, kwa kuwa hakubatizwa. Ulitazama chini. "Swali hilo usiniulize, Rehema. Mimi nafundisha tu." Nilidhani umenikasirikia. Sasa najua uliogopa. Kwa nini hukuniambia? Tungeogopa wawili.

Mwezi uliopita tulifika kwenye somo la ubatizo. Neema, mtoto wa fundi cherehani wa Mlandege, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu. Keshakufa. Yuko motoni?"

Nikamwambia, "Hapana. Sidhani."

Basi. Maneno mawili. Kabla ya jioni yalikuwa yamemfikia Padri.

Hakupandisha sauti. Alisema Jumapili inayofuata nisahihishe kosa langu mbele ya darasa, la sivyo nirudishe ufunguo, maana nyumba tunayokaa ni ya mwalimu. Na Mama siku hizi hapandi hata ngazi bila kushikwa. Nilipomweleza, akanishika mkono: "Sema tu, mwanangu. Mungu anaujua moyo wako." Moyo wangu naujua mimi.

Na nikitoka, niende wapi? Wenzetu wa kanisani watasema nimesilimu. Majirani nao watafurahi, waniulize nitatoa shahada lini. Mji wenyewe huu, watu wanajuana mpaka chungu kilichoko jikoni. Asiye huku wala kule hana hata jina la kuitwa.

Nikasema, Baba. Nilisimama pale ulipokuwa ukisimama, nikasema asiyebatizwa hataingia mbinguni. Neema hakulia. Alifunga daftari, akalitia mkobani, akakaa mikono mapajani mpaka mwisho wa kipindi.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuwena. Nikamwambia yote, hata yale ninayofundisha juu ya watu kama yeye. Nilitaka anifukuze. Akacheka kidogo.

"Hata sisi tunafundishwa juu yenu, mwanangu. Nliambiwa haifai kumwombea babako. Nnamwombea kila nikisali."

Kisha akachungulia uchochoroni, kuona kama kuna mtu amemsikia.

Sijapata nguvu ya kuondoka. Nimeomba kazi ya mapokezi kwenye nyumba za wageni mbili tatu huko Shangani, bado hawajanijibu. Mpaka nipate chumba cha chini cha kumweka Mama, nitaendelea kushika chaki, na kila Jumapili nitahisi kuta zinanisogelea. Sikufichi.

Lakini Jumapili hii, kabla ya Misa, nitapita kwao Neema. Nitamwambia bibi yake hayuko motoni, na kwamba mwalimu alisema vile kwa hofu. Akienda kuwasimulia wazazi wake, na asimulie.

Pumzika, Baba. Kila barua ya msiba niliyowahi kusoma humalizika kwa kusema tutaonana. Mimi siwezi kukuahidi hilo, na hakuna linaloniuma zaidi. Ninaloweza kukuahidi ni kwamba mtoto yule hatalala tena akimfikiria bibi yake anaungua.

Binti yako,
Rehema