Twiga wa Gatini

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama hajambo? Miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Hoteli imejaa, na mashuka ya wageni hayaishi kufuliwa.

Dada, kaa kitako kwanza. Jumapili nilipita kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani. Ana sanduku zima la picha na postikadi za kwetu! Kwetu hasa: ufuko, mnara wa mgodi, meli zinapakia makaa ya mawe, watalii wanaota jua huku wachimbaji wakipita nyuma yao, weusi kwa masizi. Nikawa nazipekua na kucheka peke yangu kama mwehu. Mara nikaona moja ya gatini, vijana wamejipanga tayari kujirusha majini. Wa mwisho kulia, aliyewazidi wote kichwa na mabega, ni Twiga. Kaka yetu, dada! Shingo ile ile, mkono kiunoni kama mwenye gati.

Mgodi ulipomfukia tukakosa mwili wa kuzika, tukaizika picha yake ya pekee. Miaka yote hii nilikuwa naanza kuusahau uso wake. Nakutumia, mwonyeshe Mama.

Mdogo wako

2 Machi

Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, cherehani tu ndiyo inaumwa. Hizi ovaroli za mgodini zinavunja sindano kama njiti.

Mama si yule uliyemwacha. Siku nyingine ananiita dada yake. Nilipompa postikadi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka chai ikapoa. Akasema, "Mwanangu." Machozi yakanitoka, nikadhani mambo yameishia hapo. Kumbe akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu, mistari mitupu ya anwani. Akanipa: "Nisomee. Kaandika nini?"

Ningemjibu nini? Nikasoma yasiyoandikwa: "Mama, mimi mzima, usihofu, nakula vizuri."

Akaangua kicheko! "Huyo kula ndiyo kazi yake!" Jioni akamaliza sahani nzima, yeye ambaye siku hizi namlisha kwa kumbembeleza kama mtoto. Tangu hapo ananiuliza nyingine itafika lini. Kama yule mzee bado anazo, tuandikie moja kwa jina la Twiga. Mwandiko wangu anaujua, wako umeshamtoka.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo, na Mama mwamkie. Nimepata ya ufukweni, imo humu. Nimeiandika wakati wa mapumziko, nimeegemea mashine ya kufulia: "Mama, nakukumbuka. Mvua zikikatika nitakuja." Kama anafurahi, tumnyime kwa nini? Mwambie ale.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, utanisamehe.

Mvua zilikatika Alhamisi. Mama akaoga mwenyewe, akavaa gauni lake la buluu, nikadhani anatoka kuota jua. Baadaye jirani akaja mbio: Mama yuko kwenye lango la mgodi. Nilimkuta zamu inatoka, anamshika mkono kila mwanamume mrefu. "Mwanangu ameshapanda juu?" Wachimbaji walivua kofia zao. Nikamvuta, akagoma. Alisema hatoki pale mpaka amwone.

Nikamwambia. "Mama, Twiga alikufa. Mgodi ulimwangukia. Ulikuwepo, Mama."

Alilia kile kilio cha siku ile, mdogo wangu. Hakuwa anakumbuka msiba. Alikuwa anapewa habari. Akaniuliza kwa nini nilimficha. Wale vijana wakanisaidia kumbeba mpaka nyumbani.

Asubuhi akaamka, akachana nywele, akaniuliza, "Leo ndiyo anakuja?"

Kumwambia mara ya pili sikuweza. Nikasema kesho. Sasa kila siku nasema kesho, na kila siku analivaa lile gauni. Usiandike tena kwa jina lake. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekuomba.

Dada yako

12 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikata maini. Nimeomba ruhusa kazini, msimamizi anasema ningoje msimu wa wageni upite. Mwambie Mama nakuja mimi. Najua si mimi anayemngoja, lakini nakuja. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

19 Juni

Dada,

Sijapata jibu. Mama anaendeleaje? Kama umenikasirikia nitukane, lakini niandikie.

Mdogo wako

4 Julai

Mdogo wangu,

Sikukasirika. Kalamu ilinishinda kuinyanyua.

Mama ametutoka. Asubuhi ile nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Akanitazama sawasawa, akaniita kwa jina langu, nikashtuka hata kichupa kikaniponyoka. Akasema, "Twiga hayupo, eti?"

"Hayupo, Mama."

"Na mzigo huu umekuwa ukiubeba peke yako." Akanishika shavu. "Pole, mwanangu."

Nikaenda jikoni kumchemshia chai, maana sikutaka anione nikilia. Niliporudi alikuwa ameshakwenda.

Kaburi walilichimba wachimbaji waliotoka zamu ya usiku. Hakuna aliyewaita. Walikuja na nguo zao za kazi, zile ninazozishona mimi, wakachimba, wakanawa bombani kwetu, wakaondoka.

Usiombe ruhusa kwa ajili ya mazishi, yamepita. Usijilaumu pia. Mama alikula, akacheka, sote tuliona.

Ila kuna jambo moja. Bado naamka alfajiri. Nafika mlangoni kwake na mafuta mkononi, ndipo nakumbuka. Nilizoea kuitwa usiku na mchana, mpaka nikawa nanung'unika. Sasa nashona kutwa na hakuna anayeniita.

Msimu ukipita, njoo uniite.

Dada yako