Msimulizi Mpya wa Jumamosi

Litembo,
kwa Posta ya Mbinga,
24 Julai 1997.

Mpendwa mdogo wangu Wendelin,

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako baridi ya mwezi huu imetufanya tuvae masweta ya mitumba mawili mawili hata jikoni. U hali gani huko Ujerumani? Kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekwisha? Mama anauliza kila jioni kama unakula ukashiba, na mimi namjibu kwamba unakula vizuri, ingawa sijui. Tafadhali ule.

Sisi ni wazima. Mama goti lilimsumbua mwezi wa Mei lakini sasa anatembea hadi kanisani na kurudi bila fimbo. Shemeji yako Damiano hajambo, yuko kwenye kahawa tangu asubuhi. Huwezi kuamini mambo ya siku hizi. Wanunuzi binafsi wanapanda hadi huku na malori yao, kila mmoja anatangaza kwa kipaza sauti kwamba yeye ndiye rafiki wa mkulima, na ghala la ushirika limekaa kimya. Damiano anasema afadhali kelele hizo, maana mwaka juzi tulikaa na magunia ndani mpaka paka akazalia juu yake.

Shuleni nimepewa darasa la sita. Ni watundu, ila wanasoma.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikae kimya miezi miwili bila kukuandikia. Ulidhani ni kazi. Si kazi. Nilikuwa nimekukasirikia.

Mwezi wa Mei nilishuka Mbinga kuchukua barua za shule. Karani wa posta akanisukumia kifurushi kikubwa chini ya dirisha. Nikauona mwandiko wako kabla sijasoma neno lolote, ile herufi yako ya W inayolala kama mlevi. Moyo wangu uliruka, Wendelin. Nikamwambia karani, “Ni cha mdogo wangu, amenikumbuka!” Ndipo nikakigeuza nikasoma jina la mdogo wetu. Ottilia.

Nilikipakata hadi Litembo. Lori lilikuwa limejaa magunia ya mbolea, barabara yenyewe unaijua, nami nilikikinga kifurushi kile kwa kanga yangu kisiingie vumbi, huku nakichukia. Sijui kama umewahi kukipakata kitu unachokichukia.

Ottilia alikifungua mbele yangu, pale kwenye chumba chake karibu na hospitali, hata sare ya uuguzi hajavua. Vitabu vitatu vya Kiingereza vyenye picha za rangi. Dadu mpya za buluu. Ramani ya kukunjua. Akapiga vigelegele peke yake. Akasema, “Dada, ni mfululizo mpya mzima! Safari tatu zinazofuatana!” Akanisomea barua yako, na ndani yake mimi nilikuwa na mstari mmoja: msalimie Dada Hildegardi.

Mdogo wangu, kumbuka ilivyokuwa. Ulipokuja likizo ukatufundisha mchezo huu, watu wote walicheka. Mama aliona zile dadu zenye nyuso nyingi akauliza kama umekwenda Ulaya kujifunza kupiga ramli. Ni mimi niliyemkalisha nikamweleza kwamba ni hadithi tu, kwamba mmoja anasimulia na wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, na dadu inaamua kama wameruka mto au wametumbukia. Ulipoondoka ukaniachia kile kitabu kidogo ukasema, “Dada, wewe ndiye msimulizi sasa.” Kitabu kiliisha ndani ya mwaka mmoja. Kuanzia hapo nilitunga mwenyewe. Mji chini ya ziwa mbele ya Lituhi, ambako samaki ndio wanaovua watu. Jitu lililoiba mashimo yote ya ngoro, yale tunayolimia mteremkoni, usiku mmoja likaacha mlima umekuwa laini kama yai. Kila Jumamosi mchana walikuja kwangu: Ottilia, na Urbani mwenye duka, na baadaye Mwalimu Emerensiana aliyehamia shuleni kwetu kutoka Lituhi. Walikula maharage yangu na walinisikiliza mimi.

Kwa hiyo Ottilia aliponiambia, “Safari hii nisimulie mimi, nawe upumzike, ucheze,” nilisema hapana. Nilisema nina madaftari ya kusahihisha. Nilisema pia kwamba theluji na majumba ya mawe si mambo ya kwetu, maana mfululizo wenyewe, kwa tafsiri yake, unaitwa Mji Ulioganda. Nani hapa ameona theluji? Akanijibu, “Na nani ameona samaki akivua watu?” Nikaondoka.

Emerensiana alikwenda kwa Ottilia Jumamosi ya wiki ileile. Yule alipata wazimu kabisa. Alishona joho kutokana na pazia. Shuleni wakati wa chai alikuwa hana jingine, mara daraja la barafu, mara mbwamwitu wanaoongea, na mimi nakoroga chai yangu kama vile sisikii. Urbani alikuwa upande wangu. Alisema vitabu vile ni vya kitoto, kwamba yeye amezoea hadithi zangu. Nilimpenda sana Urbani kwa maneno yale. Tukaendelea kwangu, mimi na yeye wawili, na nilijitahidi kutunga kuliko siku zote.

Halafu akaanza kukosa. Mara kahawa imeiva, mara dukani hakuna wa kumwachia. Jumamosi moja nilipita karibu na hospitali kumpelekea mgonjwa uji, nikasikia kicheko kikubwa dirishani kwa Ottilia. Kicheko cha Urbani hakifichiki, kinaanza kama kupiga chafya. Nilisimama njiani na chupa yangu ya uji. Kisha sauti ya Ottilia ikashuka chini, chini kabisa, na wote wakanyamaza kumsikiliza. Wendelin, ile ni namna yangu ya kushusha sauti. Nilimfundisha mimi, bila kujua kama namfundisha.

Mgonjwa alikunywa uji baridi siku ile.

Jumamosi iliyofuata nilipika kama kawaida. Nilipika na dagaa wa usipa aliotuletea mtu wa Mbamba Bay. Nikapanga viti. Hakuna aliyekuja. Damiano aliingia kutoka shambani akaniona nimekaa na dadu za zamani mbele yangu. Unamjua shemeji yako, hajawahi kuujali mchezo huu hata siku moja. Akanawa mikono, akavuta kiti, akasema, “Haya, nisimulie hadithi. Mimi nani?”

Nikamwambia yeye ni mwindaji, anakutana na joka mlangoni pa pango.

Akafikiri sana. Akauliza, “Huyo joka anakula nini?”

“Anakula watu, Damiano.”

“Basi sina sababu ya kwenda pale. Narudi nyumbani.”

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Alikula usipa wake taratibu, akasema, “Nenda kwa mdogo wako. Mimi mwindaji wangu hafai.”

Nilikwenda wiki iliyofuata. Nilibeba maharage mabichi ili nisionekane nimekwenda bure. Nikasema nitakaa kidogo tu, nitatazama. Emerensiana akasogea kwenye benchi kunipa nafasi, na joho lake la pazia likanifunika goti. Urbani hakuniangalia machoni.

Ottilia alikuwa anasimulia jinsi wanavyopanda mlima wenye baridi. Hakusoma theluji ya kitabuni. Alisema umande umegeuka jiwe juu ya majani ya mahindi, na moshi wa jikoni umeganda hewani ukasimama kama mti. Nilimkatiza. Nikasema moshi hauwezi kuganda, na kama unaganda, basi na pumzi zao zingeganda na wote wangekufa. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani.

Akafunga kitabu, kidole kimoja kikiwa ndani. “Dada,” akasema, “hapa msimulizi ni mimi.”

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma. Angekuwa mkali, ningemjibu nikaondoka. Urbani alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Nami nilibaki nimekaa, uso unawaka, na kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo wetu si kama yule niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Alikuwa mtu mzima anayeifanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulimeza, kwamba anafanya vizuri. Angeboronga, ningemsamehe siku ileile.

Akanisogezea dadu ya buluu. “Kuna mlango,” akaniambia. “Ni wa barafu, na nyuma yake kuna mtu anaita jina lako. Unafungua?”

Nilitaka kukataa. Lakini nikauliza, “Ni sauti ya nani?”

Akanyanyua mabega. “Tupa.”

Nikatupa. Mlango ukafunguka. Ottilia akachukua kikombe, akanywa chai polepole, akakiweka chini. Sisi watatu tumemwinamia. Na katika muda ule, Wendelin, nikagundua kwamba sikujua nyuma ya mlango kuna nini. Miaka yote hii nimekuwa najua. Kila mlango niliowafungulia wenzangu, mimi nilikwishaingia zamani nikatoka. Nilikuwa nawatazama wakishangaa, na nilifurahi, lakini mimi mwenyewe sikushangaa kitu tangu ulipoondoka.

Basi wakaja kumwita wodini, kuna mama amepata uchungu na mwenzake wa zamu hajafika. Akavaa kofia yake akatoka mbio. Hakutuambia ni nani! Urbani alipiga meza. Emerensiana alipendekeza tuchungulie kitabuni, tukamkatalia wote wawili, mimi nikiwa wa kwanza, na sauti yangu ikanishangaza.

Jumapili baada ya misa Ottilia alinituma chumbani kwake nimletee shuka la mama yetu, akanipa ufunguo. Vitabu vilikuwa mezani. Cha pili kilikuwa wazi, kimelazwa kifudifudi, na karatasi zake za tafsiri pembeni. Nilisimama pale peke yangu. Ningeweza kujua kila kitu, hadi mwisho wa mfululizo wote. Ningeweza kufika Jumamosi nikiwa nimemtangulia, nikamharibia kwa neno moja dogo, akajua kwamba mimi ndiye niliyeanza. Sikufichi, niliweka mkono juu ya jalada. Lilikuwa baridi.

Nilichukua shuka nikafunga mlango.

Usidhani wivu umekwisha. Bado ninao. Jana Emerensiana alimsifu Ottilia mbele ya walimu wote nikasukuma mkate wangu kando. Na wewe bado nina neno nawe: mstari mmoja haunitoshi. Ulikuwa na sababu gani kunipita? Kama ni kwa kuwa Ottilia Kiingereza chake ni kizuri, niambie. Kama ni kwa kuwa mimi nilikuwa nimeushikilia mchezo kama mali yangu na mtu alikuandikia, niambie pia, nitakasirika kisha nitatulia. Lakini niandikie mwenyewe, kurasa nzima.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Damiano anakusalimu. Urbani na Emerensiana wanakusalimu, na Baba mdogo Erasmo wa Mpepai alipita wiki jana akasema usisahau kwamba alikufundisha kuogelea. Ottilia atakuandikia mwenyewe, nisimsemee.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, akurudishe kwetu ukiwa mtu mwema.

Kesho kutwa ni Jumamosi. Nimekwishawaambia darasa la sita kwamba madaftari yao watayapata Jumatatu. Nyuma ya ule mlango kuna mtu ananiita kwa jina langu, na ukiniandikia, nakuomba sana, usiniambie ni nani.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikinuna,
Hildegardi